Kabla msimu wa korosho haujafunguliwa: barua ya wazi kwa viongozi wa Mtwara na Lindi kuhusu vyama vya wafanyakazi

Kwa Waheshimiwa Wakuu wa Mikoa ya Mtwara na Lindi, Wakuu wa Wilaya, Wakurugenzi wa Halmashauri, Maofisa Kazi, na wenye viwanda vya korosho wa mikoa yote miwili.

YAH: JINA BAYA LA CHAMA CHA WAFANYAKAZI NA NAMNA YA KULIONDOA

Waheshimiwa, tunawasalimu kwa heshima.

Ukitamka neno "chama" Newala, Tandahimba au Nachingwea, mmoja atadhani unaleta siasa na mwingine atajua unasema AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima. Chama cha wafanyakazi huja mwisho kabisa, na kikija hakiji peke yake: kinakuja na makato, mgomo na utetezi wa wavivu. Maneno hayo yapo barazani na yapo sokoni. Yakiingia na kwenye kauli za kumkaribisha mwekezaji, kwamba watu wa huku ni watulivu na hawana mambo ya vyama, yanageuka kuwa sera ambayo hakuna aliyeipitisha.

Hoja yetu ni moja. Jina hilo baya limezaliwa na makato yasiyoelezwa na mizani isiyoaminika, kwa hiyo hotuba ya Mei Mosi haitalisafisha. Litasafishwa kwa fomu, risiti na mizani, na mengi ya hayo yako mikononi mwenu.

Tuanze na asili ya woga wenyewe, maana si haki kuuita ujinga. Mwaka 1964, baada ya maasi ya jeshi ya Januari, Shirikisho la Wafanyakazi wa Tanganyika (TFL), lile ambalo Rashidi Kawawa, mwana wa Kusini, aliwahi kuwa katibu mkuu wake, lilivunjwa. Ikaundwa NUTA, chama kimoja cha wafanyakazi wote, kwa sheria, na Waziri wa Kazi akawa ndiye katibu mkuu wake. JUWATA (Jumuiya ya Wafanyakazi Tanzania) iliyofuata mwaka 1978 ilikuwa jumuiya ya chama tawala. Mzee aliyefanya kazi bandarini Mtwara au kwenye viwanda vya korosho vya enzi zile aliona ada ikitoka kwenye mshahara, na mtetezi wake akiwa upande ule ule wa mwajiri wake, yaani serikali. Mzee huyo hakudanganyika. Aliona alichokiona, na ndicho alichowasimulia wanawe.

Wanawe nao wakakutana na makato mengine. Tangu mfumo wa kuuza korosho kwa stakabadhi ghalani uanze msimu wa 2007/08, mkulima anapeleka korosho ghalani, anasubiri mnada, na fedha ikiingia inakuwa imeshapitiwa na ushuru wa halmashauri, wa chama kikuu cha ushirika, wa AMCOS, usafiri na gharama za ghala. Mfumo una faida zake na hatuupingi hapa. Lakini binti wa mkulima huyo akiajiriwa kiwandani na kuona kwenye karatasi ya mshahara mstari mwingine ulioandikwa "chama", mnategemea aseme nini? Atasema hata huku wamenifuata.

Ongezeni na yaliyotokea 2012, mgomo wa madaktari na ule wa walimu uliosimamishwa na Mahakama ya Kazi, kisha vurugu za kupinga bomba la gesi za Januari na Mei 2013 hapa Mtwara. Tangu hapo watu waliokusanyika getini wakiwa na karatasi mkononi hutazamwa kwanza kama suala la usalama. Tunaelewa. Ila kikao cha wamenyaji wa korosho arobaini wanaojadili bei wanayolipwa kwa kilo hakifanani kwa lolote na mambo ya 2013, na anayevichanganya anawafukuza watu kwenye njia ya sheria na kuwaacha na njia ya mitaani.

Sasa makato. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 61, imeyapanga hivi. Mfanyakazi mwenyewe ndiye anayeidhinisha, kwa kujaza na kusaini fomu TUF. 6. Bila sahihi yake mwajiri hana ruhusa ya kumkata ada ya uanachama. Akitaka kuacha, anatoa taarifa ya maandishi ya mwezi mmoja kwa mwajiri na kwa chama. Mwajiri akishakata, anatakiwa kupeleka fedha kwa chama ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha. Akichelewa bila sababu ya msingi, anadaiwa asilimia 5 ya fedha yote kwa kila siku ya kuchelewa.

Tuipigie hesabu. Kiwanda kina wanachama 120, kila mmoja anapata shilingi 200,000, ada ni asilimia 2. Kila mmoja anakatwa 4,000 na jumla inakuwa 480,000. Siku moja ya kuchelewa ni 24,000. Zikifika siku 20 za kuchelewa, adhabu imelingana na deni. Mwajiri anayejua hesabu hii hachelewi. Asiyeijua hukata, akazungushia fedha hiyo kwenye dizeli ya boila au kununulia korosho ghafi, kisha chama kinakosa nauli ya kuja kusikiliza shauri, na mwanachama anasema chama kimekula ada yake. Ndipo lawama inapomfikia asiyehusika. Ofisa Kazi akikagua kiwanda, aombe vitu viwili tu kuhusu jambo hili: faili la TUF. 6 na hati za benki za miezi mitatu iliyopita. Idadi ya fomu ilingane na idadi ya waliokatwa, na tarehe ya hati isivuke siku ya saba. Kazi hiyo haichukui hata nusu saa.

Tukija kwenye neno "wavivu", tunaomba mtusikilize kwa utulivu, kwa sababu hapa ndipo wengi wanahukumu bila kuijua kazi.

Korosho ghafi ikiingia kiwandani hukaushwa, ikachekechwa kwa ukubwa, ikapikwa kwa mvuke, ikapozwa mpaka ganda likauke na kuwa gumu. Kisha inabanguliwa. Kwenye viwanda vya mikono mmoja anakata kwa mashine ya mguu na mwenzake anachokonoa karanga, yaani kiini cha korosho. Karanga inaingia kwenye tanuri kwa saa kadhaa ili ngozi yake ya ndani iwe kavu na iachie. Halafu inamenywa, inachambuliwa madaraja na kufungashwa kwenye katoni ya ratili 50, yaani kilo 22.68. Daraja la W320 maana yake ni korosho nyeupe nzima, kati ya 300 na 320 kwa ratili. Ikivunjika inashuka daraja na bei inashuka nayo.

Anayemenya, na mara nyingi ni mwanamke, analipwa kwa kilo. Kwenye malipo ya namna hiyo, korosho nzima ina bei yake, na vipande vina bei ndogo au havina kabisa. Sasa niambieni nani kavunja. Kama kuchekecha kulifanyika vibaya, kisu kilichopangiwa korosho ndogo kinaipasua kubwa palepale kwenye mashine. Kama tanuri lilizidishwa, karanga inakuwa kavu mno na kukatika mkononi hata kwa mtu mwenye vidole vya dhahabu. Kama tanuri lilipunguzwa, ngozi inang'ang'ania, mmenyaji anakwangua kwa kisu, anaacha kovu, na korosho inarudishwa. Na hata tanuri likiwa sawa, karanga iliyotoka asubuhi ikikaa wazi hadi alasiri katika unyevu wa masika ya pwani, ngozi inalegea na kushika upya. Mtu yuleyule, kiti kilekile, asubuhi anaonekana hodari na jioni anaonekana mvivu. Kosa ni la boila, la chekecheke, la tanuri au la hewa, na mshahara unaopungua ni wa aliye mwisho wa mstari.

Jambo hili mfanyakazi mmoja mmoja hawezi kulisema likasikika. Akilisema peke yake anaambiwa wenzako mbona wanaweza. Likisemwa kwa pamoja, mbele ya meneja wa uzalishaji, lina dawa isiyo na gharama kubwa. Kabla kichanja cha karanga zilizotoka tanurini hakijagawiwa kwa wamenyaji, mwakilishi wa wafanyakazi na msimamizi wachukue kilo 1 ya sampuli, watenge vipande vilivyokwisha kuvunjika, wapime, waandike kwenye daftari na kusaini wote wawili. Kama kwenye sampuli kuna gramu 80 za vipande, basi gramu 80 kwa kila kilo ya kichanja kile zisihesabiwe kwa mmenyaji. Daftari hilo likikaa mwezi mmoja litamwonyesha mwenye kiwanda tanuri lipi linamharibia mali. Kwa hiyo mkataba wa pamoja unaolinda mkono wa mmenyaji unailinda na W320 ya mwenye mali.

Mizani ni ndugu yake. Kila msimu Wakala wa Vipimo hukagua mizani za AMCOS, na mkulima amezoea kuitafuta stika kabla ya kushusha gunia. Mizani ya ndani ya kiwanda inayopima kazi ya mmenyaji nayo ni mizani ya malipo, na inastahili stika ileile. Ikisoma pungufu kwa gramu 100 tu, na mmenyaji akipima mara tatu kwa siku kwa siku 26, amepoteza kilo 7 na gramu 800 za jasho lake kwa mwezi. Ndoo ipimwe tupu mbele yake kila asubuhi na uzito wake uandikwe ukutani, maana ndoo ya plastiki iliyokaa siku nyingi hushika mafuta na vumbi, ikaongezeka uzito, na hapo hata mizani iliyo sawa inasema uongo.

Glovu nazo zina siri yake. Mafuta ya ganda la korosho ni makali, yanachoma ngozi na kuiacha nyeusi, na kila mwenye kiwanda anajua. Kwa hiyo glovu zinanunuliwa, zinagawiwa, na baada ya saa moja zinaonekana zimewekwa pembeni. Wageni wakipita wanasema watu wa hapa hawajipendi. Sababu ni bei ya kilo. Glovu nene inapunguza kasi ya vidole, na anayelipwa kwa kilo hawezi kumudu kupunguza kasi, hivyo anajipaka mafuta ya nyonyo au majivu na kuendelea. Amri peke yake haitamvalisha. Itamvalisha bei iliyojadiliwa huku glovu zikiwa mkononi: wapimwe wabanguaji kumi kwa wiki nzima wakiwa wamevaa glovu zinazowakaa, na kilo wanazofikisha ndizo ziwe msingi wa bei. Huko ndiko kujadiliana kwa maana ya sheria, na ndiyo kazi ya kila siku ya chama ambayo haiandikwi magazetini kwa sababu haina kelele.

Wawakilishi wanatoka wapi? Kifungu cha 62 kimeweka idadi: wanachama 1 hadi 9, mwakilishi mmoja, 10 hadi 20, watatu, 21 hadi 100, kumi, zaidi ya 100, kumi na watano, na hapo angalau watano wawe wa kuwakilisha wanawake ikiwa wapo. Kwenye kiwanda cha korosho wapo, tena ndio wengi. Kifungu cha 60 kinampa ofisa wa chama kilichosajiliwa haki ya kuingia kazini kuandikisha wanachama na kuongea nao, na kufanya mikutano. Mwajiri anaweza kuweka masharti ya busara, kama vile kuvaa kofia ya nywele kwenye chumba cha madaraja au kutoingia kwenye boila. Kumwambia arudi akiwa na barua ya Mkuu wa Wilaya si sharti la busara, na tunawaomba Wakuu wa Wilaya wakatae kuandika barua hiyo, kwa kuwa kuiandika mara moja kunaifanya ionekane ni ya lazima.

Kosa linalojirudia ni la idadi. Ili chama kitambuliwe kuwa ndicho pekee cha kujadiliana na mwajiri kwa niaba ya wafanyakazi, kifungu cha 67 kinataka kiwe na zaidi ya nusu ya wafanyakazi wa kundi husika. Kiwandani mna watu 200. Chama kimoja kinaandikisha 70, kingine kinakuja na kuandikisha 60. Hakuna aliyefika 101. Mwajiri anasema kwa haki kabisa kwamba hana wa kujadiliana naye, ada za watu 130 zinaendelea kukatwa, na bei ya kilo inabaki ileile. Viongozi wa vyama wanaosoma barua hii, hili ni lenu. Kabla ya kugombea wanachama, kaeni muamue nani anaingia kiwanda gani.

Kuna pia suala la vibarua. Mwajiri atasema hawa si wafanyakazi, ni vibarua wa msimu, chama hakiwahusu. Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004, kifungu cha 61, inamchukulia mtu kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, ikiwa mojawapo ya hali kadhaa ipo. Mojawapo ni kwamba amemfanyia mtu yuleyule kazi kwa wastani wa angalau saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Mmenyaji anayeingia saa moja asubuhi na kutoka saa tisa hufikisha saa hizo wiki ya kwanza. Tatizo ni ushahidi. Asiye na kadi ya mahudhurio wala karatasi ya malipo hana cha kuipelekea Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Na muda wa huko haumsubiri mtu: aliyeachishwa kazi ana siku 30 za kufungua shauri, na migogoro mingine ina siku 60. Kwa anayeishi kijijini, siku 30 huisha akiwa bado anatafuta nauli ya kwenda mjini na mtu wa kumjazia fomu. Mwenye chama anamkuta mwakilishi palepale kiwandani.

Na mgomo? Tusiukwepe. Sheria inauruhusu, lakini imeujengea ngazi ndefu kuliko watu wanavyodhani. Kwanza uwe mgogoro wa maslahi, kama vile kudai bei mpya ya kilo. Mshahara ambao haujalipwa ni suala la haki, na hilo linaamuliwa kwa shauri. Pili, mgogoro upelekwe kwenye Tume na usuluhishi upewe siku 30. Tatu, ipigwe kura kwa katiba ya chama na wengi wa waliopiga kura wakubali. Nne, mwajiri apewe taarifa ya saa 48. Huduma kama maji, umeme, afya na zimamoto zimewekewa kizuizi. Anayetazama ngazi hizo ataona kwamba kuna zaidi ya mwezi mzima wa kukaa mezani. Watu wanaokaa chini ya mwembe nje ya geti asubuhi moja, bila kiongozi, bila madai yaliyoandikwa, bila taarifa, mara nyingi ni watu wasio na chama, na hao ndio wanaoponzeka, kwa kuwa kususia kazi kwa namna hiyo hakuna kinga ya sheria.

Hatutaki kuvifanya vyama malaika. Malalamiko ya walimu kuhusu asilimia 2 ya mshahara wao na thamani wanayoipata yamesikika nchi nzima kwa miaka mingi, na yana msingi. Malalamiko ya wasio wanachama kuhusu ada ya uwakala, ile wanayokatwa kwa kuwa chama kinajadiliana kwa niaba yao pia, nayo yana msingi pale wasipoelezwa kitu. Kifungu cha 72 kinaruhusu ada hiyo kwa makubaliano na chama kinachotambuliwa, lakini isizidi ada ya mwanachama, iwekwe kwenye akaunti yake ya pekee, itumike kwa maslahi ya wafanyakazi wa sehemu hiyo tu, na senti isiende kwenye chama cha siasa. Basi tawi libandike kila robo mwaka, kwenye mbao za matangazo kando ya saa ya kuingilia kazini, karatasi moja: zimeingia ngapi, zimetumika wapi, zimebaki ngapi. Mtu aliyechoshwa na makato ya ghalani ataisoma karatasi hiyo mstari kwa mstari, na asipoikuta atakuwa na haki ya kununa.

Waheshimiwa, mnazungumzia kongani ya viwanda vya korosho Maranje, na Lindi inasubiri mradi wa gesi wa Likong'o wenye wakandarasi na wakandarasi wadogo chini yao. Viwanda vingi vya korosho vilivyojengwa huku miaka ya 1970 na 1980 viliishia kuwa maghala. Mkiandika masharti ya ardhi na uwekezaji safari hii, wekeni na kipengele kwamba mwenye kiwanda, pamoja na kila wakala anayemletea watu, ataheshimu vifungu vya 60 hadi 62, na atatoa chumba kimoja chenye meza na kabati la kufuli kwa ajili ya tawi. Ni sharti dogo kulisema leo, na ni gumu sana kuliongeza ukuta ukishasimama.

Msimu unafunguliwa Oktoba. Tunaomba mwezi Septemba Wakala wa Vipimo wapite kwenye mizani za ndani za viwanda katika ziara ileile ya AMCOS. Tunaomba Maofisa Kazi wapeleke nakala za TUF. 6 na maelezo yake kwa Kiswahili chepesi viwandani, na mtu awepo wa kumsomea asiyejua kusoma kabla hajaweka dole gumba. Na siku mtakapokwenda kuzindua ununuzi, mkifika kiwandani, mwombeni meneja awaonyeshe daftari la sampuli la tanuri. Kama halipo, lifunguliwe siku hiyo mkiwa mmesimama pale, kwa kalamu na sahihi mbili.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,
Sisi tunaofuatilia masuala ya kazi na korosho,
Mtwara na Lindi